Polisi amekushika kwa kosa dogo: venye unaweza kujua nguvu anayotumia ni halali ama amepitisha

Swali moja naulizwa kila mara hapa steji, na watu wa bodaboda, na mama mboga, na juzi kijana aliyekula rungu mbili za mgongo juu alikuwa amekojoa nyuma ya kibanda: kwani polisi anaruhusiwa kunipiga kwa kitu kidogo hivi? Watu hutaka niseme ndio ama hapana niende zangu, na siwezi, juu jibu linategemea ulikuwa unafanya nini ile sekunde aliinua mkono. Mimi si wakili, nimejitolea tu miaka kadhaa kusaidia watu na hizi kesi ndogondogo na nimesoma hizo sheria mpaka karatasi zimechakaa. Nazungumzia Kenya peke yake, ukiwa Arusha ama Kampala sheria yenu ni nyingine. Na nazungumzia makosa madogo, yaani kubeba abiria bila helmeti, kulewa na kupiga kelele, kuuza nyanya mahali kaunti haitaki, kuvuka Thika Road kwa miguu chini ya daraja, vitu kama hivyo.

Kipimo chenyewe

Kuna sheria ya polisi ya mwaka 2011, ile ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi, na huko mwisho kuna Jedwali la Sita ambalo ni kurasa chache tu na ningependa kila mtu wa steji awe nalo kwa simu. Kwa maneno yangu linasema hivi: polisi ajaribu kwanza njia isiyo na nguvu, nguvu ije tu kama hiyo njia ya kwanza imekataa ama inaonekana wazi haitafanya kazi. Alafu hiyo nguvu ilingane na mambo matatu, kile anataka kufanikisha, uzito wa kosa lako, na vile wewe unamkatalia. Isizidi hapo.

Angalia hayo matatu vizuri juu ndio mizani yako yote. Kwa kosa dogo, mawili ya kwanza tayari ni mepesi: anachotaka ni kukupeleka stesheni ama kukupatia tarehe ya korti, na kosa lenyewe pengine faini yake ni chini ya pesa ya sherehe ya wikendi. Kwa hivyo kitu kimoja tu kinaweza kupandisha mizani, nacho ni ukaidi wako. Hii ndio sababu nasema kosa dogo karibu haliwezi kuhalalisha nguvu lenyewe kama lenyewe, ni upinzani ndio unaweza, na hata huo upinzani unahalalisha nguvu ya kuumaliza, ukiisha na nguvu iishe.

Sheria ya utaratibu wa kesi za jinai, sura ya 75, kifungu cha 21, inaongezea: kukamatwa ni kuguswa mwili ama kuzuiwa, isipokuwa wewe mwenyewe umejisalimisha kwa neno ama kwa kitendo. Soma hapo tena. Kwa neno. Ukisema "sawa afande, nimekubali, twende", umeshakamatwa kisheria na hata hajakugusa, na kuanzia hapo kila kofi linahitaji maelezo kutoka kwake. Mimi hufundisha watu waseme hayo maneno kwa sauti, si kwa kunong'ona, jirani wa kibanda asikie, mwenye M-Pesa asikie, abiria asikie. Hicho kifungu kinaendelea kusema ukipinga kwa nguvu ama ukijaribu kutoroka polisi anaweza kutumia njia zote zinazohitajika kukukamata, na polisi wengi ukiwauliza wanakumbuka mpaka hapo tu, lakini mstari unaofuata unasema hakuna ruhusa ya nguvu kuzidi ile ya busara kwa hali ilivyokuwa. Na kifungu cha 24 kinasema mtu aliyekamatwa asizuiwe zaidi ya kile kinatosha asitoroke.

Tuipitishe kwa mfano

Chukua jamaa wa boda, tumuite Kevo, amebeba mtu bila helmeti, saa kumi na moja jioni, kuna karao wawili kwa barabara.

Wanamsimamisha, anasimama. Nguvu halali hapa ni ngapi? Hakuna. Hata kumnyang'anya ufunguo kwa kumfinya vidole hakuna maana juu hajakataa kitu. Kevo anauliza "afande nimekosa nini?" na hapo ndio watu wengi hupigwa kofi la kwanza, ati ni mjuaji. Kuuliza si ukaidi. Katiba kifungu cha 49 inasema aliyekamatwa aambiwe sababu mara moja kwa lugha anaelewa, kwa hivyo ni swali ambalo polisi anafaa kuwa amelijibu kabla liulizwe.

Sasa Kevo anakataa kushuka, ameshikilia mpini kama ni wa babake. Hapa polisi anaweza kumshika mkono amshushe, kwa nguvu kiasi, bila rungu. Kevo anamsukuma karao kifuani. Sasa mizani imepanda kweli, wanaweza kumkunja mkono nyuma, wamlaze chini, wamfunge pingu, na akiumia bega kidogo kwa hiyo vuta nikuvute hata mimi sitamwambia ana kesi nzuri, nitamwambia ukweli. Kevo akichomoka na kukimbia kwa miguu, wamkimbize, wamdake, wamwangushe.

Lakini Kevo akitoroka na pikipiki, na karao arushe rungu kwa gurudumu ama ampige teke mguuni akiwa spidi? Hapo amepitisha kabisa, juu hiyo inaweza kumuua Kevo na abiria wake na mama anayevuka, na kosa lilikuwa helmeti, kitu ambacho kiko pale kuzuia watu wasife barabarani! Namba ya pikipiki inaonekana, inaweza kuandikwa, ajali ya kichwa haiwezi kurudishwa.

Alafu ile sehemu ambayo kwangu ndio muhimu kuliko zote. Pingu zikishafunga, Kevo ako chini, hapigani. Mizani inarudi sifuri. Teke moja hapo, kofi moja hapo, "ulikuwa unanisukuma eeh?", ni uhalifu wa mwenye kupiga hata kama dakika moja iliyopita Kevo ndiye alikuwa na makosa yote. Polisi atakuambia alikuwa mkaidi na pengine anasema ukweli, alikuwa, lakini swali ni alikuwa anafanya nini wakati wa hilo teke. Ukiandika statement ama ukitoa ushahidi wa jirani yako usichanganye, eleza kwa mpangilio: hapa alisimama, hapa alivutwa, hapa alifungwa, hapa ndio alipigwa. Kesi nyingi nimeona zikifa juu shahidi anasema tu "walimpiga sana" na wakili wa upande ule anauliza "alikuwa anapinga?" shahidi anasema ndio, kwisha.

Nguvu ya polisi mwisho wake ni kukufikisha mbele ya hakimu. Kukuadhibu si kazi yake. Na sikiliza hii, Kenya iliondoa viboko kama adhabu ya korti mwaka 2003, yaani leo hata jaji wa mahakama kuu akiwa na hatia yako mezani na ushahidi wote hawezi kuandika uchapwe kiboko kimoja. Sasa konstebo wa barabarani anatoa wapi viboko vya kukojoa nyuma ya kibanda? Ukisikia mtu anasema "lakini alistahili, alikuwa mlevi", muulize hiyo.

Mlevi mwenyewe tumuangalie kidogo. Sheria ya vileo ya 2010, ile watu wanaita ya Mututho, kulewa na kufanya fujo hadharani faini haizidi shilingi 500 ama miezi mitatu ndani. Na katiba kifungu cha 49(2) inasema kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, ama kifungo kisichozidi miezi sita, mtu asiwekwe rumande. Kwa hivyo mlevi wa Ijumaa anayelala seli mpaka Jumatatu ati korti imefungwa, anafaa kuuliza kuhusu bondi ya polisi, yaani ahadi ya maandishi kwamba atafika korti, hiyo hiyo Ijumaa. Bondi ni bure, dhamana ya pesa nayo ina risiti. Kama hakuna risiti unajua ni nini.

Wakati ambapo kosa dogo liliua

Mtu akiniambia natia chumvi huwa namkumbusha kafyu ya korona. Kuwa nje usiku ilikuwa kosa dogo, la faini. Siku ya kwanza kabisa, tarehe 27 Machi 2020, watu walikuwa wanangoja feri Likoni warudi nyumbani mapema na wakapigwa na kurushiwa gesi ya machozi kabla hata saa ya kafyu haijafika, wengine wamelazwa chini kwa kifua. Ugonjwa unaenea kwa kusongamana, dawa ikawa ni kuwasonganisha watu na kuwafanya wakohoe. Siku tatu baadaye mtoto wa miaka 13 akapigwa risasi akiwa kwa roshani ya kwao Kiamaiko, Nairobi, polisi wakiwa chini wanatekeleza kafyu. Mapema Juni IPOA, mamlaka huru inayochunguza makosa ya polisi, ilikuwa tayari inazungumzia vifo 15 vinavyohusishwa na polisi tangu kafyu ianze. Alafu Agosti 2021 ndugu wawili wa Kianjokoma, Embu, walikamatwa usiku kwa hiyo hiyo kafyu, wakapatikana mochari, polisi wakasema waliruka kutoka kwa gari likienda. Maafisa sita walishtakiwa kwa mauaji.

Weka hizo kwa mizani ya mambo matatu. Hata ukimpa polisi kila faida ya shaka, kosa lilikuwa kuchelewa kufika nyumbani.

Risasi

Hapa nitapita haraka juu kwa kosa dogo jibu ni fupi. Jedwali linaruhusu bunduki pale njia nyepesi haitoshi, na ni kwa kuokoa maisha, kujikinga ama kumkinga mwingine na hatari iliyo karibu ya kifo ama jeraha kubwa, kulinda uhai na mali kwa nguvu inayokubalika, na kuzuia mtu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa asitoroke kizuizini ama mtu asimtoroshe. Polisi ajitambulishe na atoe onyo lisikike, isipokuwa kungoja kutahatarisha maisha. Hakuna mahali pa helmeti, pombe wala nyanya. Kukimbia peke yake pia hakupo, mwenye kosa dogo anayekimbia bila silaha hapigwi risasi, anakimbizwa, akipotea amepotea, atatafutwa kesho.

Julai 2025 Rais Ruto alisema hadharani wanaoharibu biashara za watu wapigwe risasi ya mguu waende hospitali kisha korti. Nimetafuta neno mguu kwa hilo jedwali, haliko. Na mguu una mshipa mkubwa wa damu pajani ambao ukikatika mtu anaweza kuisha damu kabla ya kufika hospitali. Kitu ambacho kiko kwa jedwali ni kwamba amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria, konstebo atasimama kizimbani peke yake. Nimewahi kumwambia hivyo karao mmoja kijana tukiwa tunakunywa chai, akanyamaza kidogo alafu akasema huko chuoni walisoma lakini huko nje mkubwa ndio jedwali.

Upande wako sasa

Usikimbie, usivute shati, usishike mkono wa karao hata kama unajitoa tu. Juu kuna kifungu cha 253 cha sheria ya kanuni za adhabu, kumshambulia, kumpinga ama kumzuia polisi akiwa kazini ni mpaka miaka mitano. Umeingia na kesi ya shilingi 500 umetoka na ya miaka mitano, na mara nyingi hicho ndicho wanaandika wakijua wamekuumiza, ili majeraha yawe na maelezo. Hapo ndio ile sauti yako ya "nimekubali, twende" inakuja kukuokoa, mashahidi kumi walisikia.

Mikono ionekane. Ongea pole, "afande" haikupunguzii kitu. Soma jina ama namba kifuani, sheria inataka polisi mwenye sare awe na jina ama namba ya kazi mahali inaonekana wazi, na kama imefichwa ama ni polisi wa nguo za raia wamevaa jeketi, uliza kitambulisho cha kazi na kumbuka namba ya gari. Simu usiitoe wewe, ukiwa unakamatwa mkono ukiingia mfukoni haraka unaweza kueleweka vibaya, mwache mwenzako arekodi, na asimame mbali kidogo asiambiwe anazuia kazi. Barabarani kurekodi si kosa. Ndani ya stesheni usijaribu.

Ukiwa mwanamke, kupekuliwa mwili ni na mwanamke mwenzako na kwa heshima, hiyo iko kwa sheria hata kama wanasema hakuna afisa wa kike zamu hii. Wangoje.

Kanjo ni kesi nyingine

Wauzaji wengi wanapigwa na kanjo na wanakuja wakisema polisi. Si polisi. Kanjo ni wafanyakazi wa kaunti, mizani yao iko chini hata zaidi, na kumwaga sufuria ya mafuta moto ya mama wa mandazi haiko kwa sheria yoyote ninayoijua. Tofauti kubwa ni mahali pa kulalamika: IPOA inashughulikia polisi, kwa kanjo unaenda stesheni unaripoti umeshambuliwa kama ungeripoti jirani yako, unapata namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha stesheni, unaendelea. Wengi hawajui hii na wanapoteza wiki mbili wakituma barua mahali si pake. Kukiwa na polisi waliosindikiza kanjo na wakatazama tu ama wakasaidia, hao sasa peleka IPOA.

Umeshapigwa, ufanye nini

Hospitali kwanza, siku hiyo hiyo, hata kama ni maumivu tu. Daktari akikuuliza nini kilikuuma usiseme "nilianguka" kwa aibu, sema rungu, sema mara ngapi, sema wapi. Karatasi ya matibabu ya saa mbili baadaye ina uzito ambao P3, ile fomu ya polisi daktari anajaza kuhusu majeraha, ya wiki tatu baadaye haina. Na ujue hili, ukiumizwa na polisi wao wenyewe wanafaa kukupatia matibabu mara moja na kuambia watu wako, kutofanya hivyo bila sababu nzuri ni kosa la jinai kwao. Pia anayetumia nguvu anafaa kuripoti kwa mkubwa wake papo hapo, na ikiwa kuna kifo ama jeraha kubwa mkubwa aripoti kwa IPOA. Wakili wako aulize hiyo ripoti iko wapi. Kutokuwepo kwake ni ushahidi pia.

Alafu OB. Kama waliokupiga ni wa stesheni ya karibu, nenda ya mbali, hakuna sheria inakulazimisha uripoti kwa mwenye rungu. Mimi mwenyewe niliwahi kusindikiza mtu stesheni fulani, tukakaa benchi kutoka saa tatu asubuhi mpaka saa nane, mara kitabu kimejaa, mara mwenye kalamu ameenda lunch, tukaondoka tukaenda nyingine tukaandikiwa dakika kumi. Uliza fomu ya P3, haiuzwi, ingawa kuna hospitali zitakutoza za kuijaza.

IPOA unaweza kupiga 1559 bila malipo, ama kwenda ofisini, wako Nairobi na miji kama Mombasa, Kisumu, Nakuru, Eldoret na Garissa. Wao wanachunguza, mwendesha mashtaka mkuu ndiye anaamua kupeleka kortini, kwa hivyo usitarajie wamkamate mtu kesho. Sheria ya kuzuia mateso ya 2017 ndiyo kubwa hapo: mateso ni mpaka miaka 25, ukatili ambao haujafika mateso ni mpaka miaka 15 ama faini ya milioni moja ama vyote viwili. Ukitaka fidia kwa kushtaki serikali kwa madhara, hesabu miezi 12 kutoka siku ya tukio, watu wengi wanakuja mwezi wa kumi na nne na kovu limepona na kesi pia imekufa.

Ukikataliwa kila mahali bado andika kwa karatasi yako usiku huo, tarehe, saa, mahali, majina ama namba, walivyosema, nani alikuwepo, utie sahihi. Piga picha majeraha leo, kesho, na siku ya tatu juu ndio rangi huwa inatokea vizuri, weka sarafu ama kalamu kando ionyeshe ukubwa. Na nguo ulizovaa siku hiyo usizifue, ziweke kwa mfuko wa karatasi, shati la yule kijana wa kibanda lilikuwa na alama mbili za rungu mgongoni zimenyooka kama zimepigwa rula, mamake akalifua Jumapili.